Jovithe Ntirampeba, Peugeot 404 na Kiti cha Mbele

“Hii gari itanipeleka makaburini yenyewe, bila kusukumwa na kidole cha mutu!”

Maneno hayo aliyasema marehemu Jovithe Ntirampeba tarehe 1 Julai 2008, siku alipofungua makumbusho yake ya magari ya zamani kando ya barabara ya malori, Zone Industrielle, hapa Bujumbura. Aliyasema mkono wake ukiwa juu ya Peugeot 404 nyeupe, mbele ya shefu wa mtaa, mbele ya kipaza sauti cha redio, na mbele ya watu waliofuata harufu ya brosheti, mishikaki ya mbuzi. Wote walipiga makofi isipokuwa mke wake, Mama Daphrose. Alisema mikono yake ilikuwa imeshika sinia.

Nyote mmeona leo asubuhi marehemu amefika hapa makaburini na gari gani. Minong’ono nimeisikia tangu getini. Vumilieni, tutafika huko. Mzee mwenyewe hakupenda abiria wa kuuliza mwisho wa safari kabla ya kona ya kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1952 huko Magara, kusini mwa mji, kando ya ziwa, mtoto wa nne katika familia ya wakulima wa michikichi. Nyumbani ilisimuliwa kwamba sauti ya kwanza iliyotoka kinywani mwake ilikuwa mlio wa lori likipanda mlima. Dada yake aliyemfuata, ambaye ndiye mama yangu mzazi, anadai kwamba yeye mwenyewe alianza kwa kusema “mama” vizuri kabisa, lakini hilo hakuna aliyelitia maanani mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi Magara kuanzia mwaka 1959, kisha akaja Bujumbura kwenye shule ya ufundi, ambako alipata diploma ya umakanika mwaka 1970. Aliipata nzima. Alihakikisha kila mpwa aliyeacha masomo katikati anajua kwamba yeye aliipata nzima, na mimi Bonfils, ninayewasomea haya, nilijulishwa mara nyingi kuliko wengine.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika gereji ya Mgiriki mmoja, palepale Zone Industrielle. Alikuwa anafunga macho, anasikiliza injini, kisha anataja ugonjwa. Mgiriki alipofunga gereji mwaka 1982 na kurudi kwao, alimwachia marehemu Peugeot 404 familiale, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Wafanyakazi wenzake waliachiwa saa za ukutani. Mmoja wao tuko naye hapa leo, amekaa upande wangu wa kushoto, na kila akiulizwa saa ngapi bado anakunja uso.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Daphrose Nduwarugira, mwalimu wa shule ya msingi, katika parokia ya Ngagara. Mama mzazi wa marehemu alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri. Basi misa ilipokwisha, bwana harusi hakungoja keki. Alimkalisha bibi harusi kiti cha mbele, akashika barabara ya ziwa kwenda Magara ili mama amwone mkwe wake. Walipofika Gitaza upepo ulilivuta shela dirishani, likamfunika mtu wa baiskeli aliyekuwa amebeba ndizi. Mtu yule hakusimama. Aliendelea kukanyaga pedali, mweupe, akipunga mkono, na watu wa kando ya njia wakampigia vigelegele wakidhani ndiye anayeolewa. Daphrose alicheka kutoka Gitaza mpaka mlangoni kwa mama mkwe, na mama mkwe huyo, bibi yetu, akauliza kama huyu msichana ni mzima.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kiti kile. Mpaka marehemu anafumba macho, ilikuwa pia ya mwisho.

Maana Jumatatu yake 404 iligeuka teksi, na kiti cha mbele cha teksi ni cha mteja. Mama alipopanda alipanda nyuma, na watoto, na mabeseni. Miaka ya vita ilipokuja gari lililala chini ya turubai. Lilipofunuliwa mwaka 2008, lilipandishwa juu ya matofali, magurudumu yakavuliwa, na kiti cha mbele kikawa cha mgeni.

Wageni! Marehemu alikuwa na magari mengine pale. Kulikuwa na Volkswagen kobe ya kijani, Renault 4 isiyo na milango, na Land Rover iliyotolewa injini, ambamo kuku walitaga na kuangua kwa vizazi kadhaa. Lakini gari halikuwa sababu yake ya kuamka asubuhi. Aliamka kwa ajili ya mtu asiyemjua. Shoferi wa lori kutoka Kigoma, Mzungu wa baiskeli mwenye magoti mekundu, familia ya Uvira iliyokuja mjini kununua mabati, yeyote aliyekuwa na vumbi la mbali alivutwa mkono, akapewa chai, akatembezwa gari hadi gari. Sisi wa nyumbani tulipewa kitambaa cha kufutia vumbi.

Mwisho wa matembezi ndipo lilipokuja lile lililomfanya ajulikane barabara nzima. Alimkalisha mgeni kiti cha mbele cha 404, yeye akaingia kwenye usukani, akawasha. Gari liko juu ya matofali, haliendi popote, lakini linanguruma, na marehemu ameanza safari.

“Shika mulango, tunatoka! Hii njo Kanyosha, chunga yule mama wa samaki. Sasa Kabezi. Unaona ziwa? Angalia ziwa, njia niachie mi! Sasa tunaingia Gitaza, polepole... hapa njo bibi yangu alichekaka mpaka machozi. Pale, kwa ile kona!”

Mgeni alikuwa anacheka. Wote walicheka palepale, Gitaza. Na jikoni, nyuma ya ukuta wa makumbusho, Mama Daphrose alikuwa anasikia kicheko chake kinaazimwa watu.

“Jovithe, ile safari ni yangu.”

“Ni yako, bibi. Mi nawaonyeshaka tu.”

“Basi nipeleke. Ya kweli. Kanyosha ya kweli, Gitaza ya kweli, nikae mbele.”

“Gari ya museum haitokake. Ikitoka, mugeni akikuja atakuta nini?”

“Atanikuta mi.”

Marehemu alifikiri ni mzaha. Alicheka, akatoka kumpokea mtu.

Mama hakuwa na wivu wa kupiga kelele. Alikuwa na wivu wa mwalimu, ule wa kusahihisha kimyakimya kwa kalamu nyekundu. Mwaka 2016 alikuja dada mmoja kutoka Maskati, Tahani, ambaye babu yake aliwahi kuwa na duka la vitambaa hapa mjini. Tahani alikaa kiti cha mbele, akafika Gitaza, akacheka, akalia, akaomba aanze tena Kanyosha. Akapelekwa. Akaomba tena. Akapelekwa. Mama alimletea chai isiyo na sukari hata chembe, na enzi hizo sukari ilikuwepo madukani. Tahani alinywa mpaka tone la mwisho, akatoa tende mkobani, akasema hajapata chai nzuri namna hiyo tangu atoke kwao. Mama alirudi jikoni, akaiwekea sukari chai ya paka.

Kisha ikaja miaka ya kukosa esansi ya magari, hii tuliyomo. Mji mzima uligeuka makumbusho. Magari yalilala mustari nje ya stesheni, yamefungwa vioo, watu wanapita wanayatazama. Tofauti ni kwamba yale ya Mzee yalikuwa na chai. Yeye alikuwa na bidoni moja ya esansi, dumu zima, ameificha chini ya kitanda, upande wa Mama, na aliitoa kikombe kikombe ili 404 iwake kwa ajili ya wageni. Jirani yetu mmoja mwenye gari kubwa la vioo vyeusi alikuja kumsihi ampimie kidogo, apeleke bibi harusi kanisani.

“Apana. Hii ni ya wageni.”

“Na mi ni nani, Mzee?”

“We ni jirani.”

Jirani huyo hakumsalimia tena mpaka marehemu alipolazwa. Hapo alikuja na machungwa, na kwa kuwa alikuja kwa miguu kutoka mbali, alipokelewa kama mgeni. Alifurahi sana.

Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua mwezi Januari mwaka huu. Tarehe 2 Oktoba 2025 alilazwa hospitalini Kamenge. Alipelekwa kwa pikipiki ya Cirimwami, fundi kutoka Uvira aliyefanya naye kazi tangu makumbusho yafunguliwe, huku akimfundisha Cirimwami namna ya kukata kona. Wodini hakutulia. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa kutoka Chibitoke, alipelekwa Magara siku ya kwanza. Muuguzi wa zamu akapelekwa siku ya pili, akiwa ameshika sindano. Mama Daphrose alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki, uji mkononi, anasikia tena kwamba sasa tunaingia Gitaza.

Jumanne tarehe 14, mchana, marehemu alifungua macho, akamwona.

“Bibi, kaa mbele. Tunaenda.”

“Mi siendi na kitanda, Jovithe.”

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akavua shingoni ufunguo wa 404, ule ambao hata daktari alishindwa kumvua, akamtia Mama mkononi.

“Bidoni iko moja. Inatosha kwenda makaburini, ao inatosha kwenda Magara. Apana zote mbili.”

“Na yale ulisemaka ku redio?”

“Chagua we. Mi nitakuwa nimelala nyuma, sitaona njia.”

Alifariki kesho yake, Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Sisi vijana wa familia hatukujua lolote kuhusu ufunguo. Alhamisi Cirimwami alirudisha magurudumu, akalishusha gari kwenye matofali, akaliwasha kwa ufunguo wa akiba, likawaka kwa jaribio la kwanza. Tulishangilia na msiba wetu. Tulitoa viti vya nyuma, tukapima urefu wa jeneza kwa kamba, likaingia. Tuliliosha mpaka likang’aa kuliko tulivyong’aa sisi siku ya ubatizo. Redio ilikwishapigiwa simu. Ndipo Mama Daphrose akatoka jikoni na kitenge chake cheusi, akanyoosha mkono ndani ya dirisha, akazima injini, akachomoa ufunguo.

“Rudisheni vile viti. Mzee ataenda na kamionete. Ye hana haraka.”

Mjomba wetu mmoja nusura azimie. Mimi nikajaribu upole. “Mama, si utakaa mbele? Tutakwenda pole, utakaa kiti cha mbele na Mzee nyuma, mji mzima ukuone.”

“Bonfils, kile kiti nilikikaliaka nikicheka. Sitakikalia nikilia.”

“Na yale maneno ya redio, Mama? Watu watasema Mzee alidanganya.”

“Redio njo ilimuzalia watoto?”

 Viti vikarudishwa, tukakodi kamionete, pikapu hii mliyoiona getini.

Kwa hiyo mnaouliza, jibu ndilo hilo. Gari halikukataa. Liliwaka, na bado linawaka. Ni mwenye gari ndiye aliyekataa, na mwenye gari siku hizi ni mwingine. Mimi binafsi namwonea marehemu wivu kwa mambo mengi: diploma nzima, gari aliloachiwa bila kuomba, watu wa nchi tano wanaomlilia kwenye simu. Lakini zaidi kwa hili, kwamba aliudhi mwanamke mmoja miaka arobaini na miwili, na yeye bado anataka kurudi pale alipocheka naye.

Marehemu ameacha mjane, Mama Daphrose, watoto wawili, Valéry na Elvire, wajukuu ambao wote wamekwisha kugawana kuku wa Land Rover, dada mmoja, mama yangu, ambaye neno lake la kwanza lilikuwa “mama”, wapwa wengi wenye vitambaa vya vumbi, fundi Cirimwami, na wageni wasiojulikana idadi, ambao watakuja bado, hawajapata habari.

Jumatatu asubuhi 404 itatoka Zone Industrielle kwa barabara ya ziwa. Cirimwami atashika usukani, na ameonywa kwamba kuanzia Kanyosha mpaka Magara asitaje jina la mahali popote. Mama atakaa mbele. Nyuma kuna safu mbili tupu. Niliomba moja. Nimeambiwa nibaki nyumbani, ili mgeni akija amkute mtu.

Mzee Jovithe, ulale salama, na huko ulikokwenda wakufungulie bila kukupanga mustari.

Na kwa watakaochangia gharama: kamionete ya kukodi kutoka Zone Industrielle mpaka hapa makaburini, kwenda tu: franka elfu mia tatu.