Mzuka wa Mtendaji na Mnada Wetu

Mheshimiwa Diwani; Mzee wetu Liberatus, Mtendaji wa Kata unayestaafu leo; masheikh na wachungaji; wafugaji na wakulima wa Usangu; ndugu wageni waalikwa, kamwene.

Mimi ni Amna, karani wa ofisi ya kata. Nimeagizwa nimsifu Mzee kwa niaba ya watumishi.

Nani hapa asiyeujua mzuka? Kijana akiamka na kunyoa upara bila sababu, tunasema mzuka umempanda. Mama akipika pilau siku ya kazi, wala hana mgeni, ni mzuka. Hupanda, hushuka, tukacheka, nywele zikaota. Lakini mkubwa akipandwa, mzuka hushuka na amri ikabaki.

Mzee wetu ni mchangamfu. Hakuna asubuhi iliyomkuta bila wazo. Alirudi kutoka semina Mbeya, na kabla ya chai akatangaza mnada wa ng'ombe uhame kutoka mtoni, uende nyuma ya kilima, kwa kuwa kule kuna mandhari. Ofisini tuna desturi yetu: tunasema "ndiyo, Mzee," kisha tunasubiri mzuka ushuke. Mama Ng'washi, mfugaji, alinifuata dirishani.

"We Amna, hayo mandhari ng'ombe wangu watayanywa?"

"Vumilia, mama. Ni mzuka tu."

Tukacheka wote wawili.

Ukashuka kweli. Mnada haukurudi. Wanunuzi walikuta ng'ombe wamekonda kwa kiu, wakaacha kuja. Wanawe Mama Ng'washi wamekwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Yeye sasa hivi anafunga mizigo, kesho anahama, na hajui aendako. Juzi nilimkumbusha Mzee habari za mnada. Akaniuliza kwa upole, "Mnada upi, binti yangu?"

Ndugu zangu, mtu aliyesahau unamkasirikiaje? Na tutamlilia nani, ikiwa Mtendaji mpya ataikuta amri hii na kuiita utaratibu?

Mzee, tumekuvisha mgolole, shuka la heshima, tumekupigia makofi, na umestahili. Hadi jioni ofisi bado ni yako. Neno lako moja mbele ya Mheshimiwa Diwani linatosha kuurudisha mnada mtoni. Sina matumaini makubwa. Naona unatabasamu, kama ulivyotabasamu siku zote tulipokuambia ndiyo.

Kipaza sauti nakiweka mbele yako, na sijakizima. Asanteni nyote kwa kunivumilia.