Jan ya Fundi Cherehani

Golnar, akiwa kiti cha nyuma cha teksi mjini Tabriz, Iran, alimsikia dereva Yashar akimlalamikia abiria wa mbele, mzee wa Kiarmenia.

“Mke wangu kamwita fundi cherehani ‘Rostam jan’. Jan ni roho, mzee wangu. Roho yake kampa fundi.”

“Punguza wivu, mwanangu. Neno hilo ni letu Waarmenia, na hata muuza nyama tunamwita jan.”

“Lenu? La Waajemi hilo.”

Golnar alijua Yashar yuko sahihi, ila hakuna aliyemuuliza.

“Hata Waturuki na Wahindi wanalo,” mzee alisema. “Halina uzito tena.”

Teksi ilisimama kanisani.

“Kama halina uzito,” Yashar aliuliza, “mbona mimi hajaniita hivyo hata siku moja?”

Mzee alishuka, akaufunga mlango taratibu kuliko hata wanavyotaka madereva wa Tabriz, wasiopenda milango yao ibamizwe.