Kata Iliyokwenda Japani

Ndugu waombolezaji, hebu fumbeni macho kidogo, mwone chumba kikubwa cheupe kisicho na kiti wala meza, na katikati yake, chini ya taa, kata moja ya kitenge kilichopauka, ile ya kuweka kichwani chini ya ndoo, na mbele yake amesimama mzee Gratien Mirindi, mikono nyuma, haelewi kitu.

Mkewe, marehemu Mélanie, alizaliwa Uvira, Kongo, tarehe 14 Machi 1971, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akajifunza ushonaji kwa masista, na tarehe 6 Agosti 1994 akafunga ndoa na Gratien. Mwaka uliofuata walimpata Fiacre, mtoto wa kiume. Vita vilipofika Uvira, Oktoba 1996, Gratien alikuwa ametangulia Kigoma kutafuta pa kukaa, Mélanie akafuata na mtoto mgongoni, lakini walipokutana kambini Nyarugusu alikuwa peke yake. Alisema Fiacre alishikwa na homa njiani, akazikwa kando ya ziwa ndani ya mbeleko yake, na Gratien hakuuliza zaidi. Kambini walizaliwa Ketsia, 1999, na Gloire, 2003, majirani wakamwita Mama Ketsia, naye akaitika.

Familia ilifika Sydney, Australia, tarehe 9 Juni 2011, ikakaa mtaa wa Granville, na marehemu akafanya kazi katika nyumba ya wazee kwenye mtaa wa Liverpool, mjini humo humo, akiwaimbia wakati wa kuwaogesha, hata wasiojua neno la Kiswahili.

Mwaka 2023 msanii wa Kijapani alifika kwenye kikundi cha ushonaji cha marehemu, akitafuta vitu ambavyo watu walisafiri navyo, kwa ajili ya makumbusho mapya ya sanaa ya kisasa, katika mji wa mkoani huko Japani ambao Gratien hulitamka jina lake kwa namna tatu. Gratien alitaka mkewe atoe vitambaa vyake vya meza badala ya ile kata, akamwambia, "Mama Ketsia, unatuaibisha, utawapa watu tambara?", naye akacheka, "Baba, wenyewe ndio wamelichagua." Kisha akampigia simu mdogo wake Marie-Jeanne, Uvira, kumwambia anawekwa makumbusho, na Marie-Jeanne, ambaye kwake makumbusho ni ya waliokufa, akaangua kilio, majirani wakaja na viti, ikabidi marehemu apige tena kuwathibitishia kwamba anayeongea ni yeye.

Aprili 2024 wote wanne walikwenda kwenye ufunguzi. Chumba kimoja kilikuwa na rundo la matofali, Gratien akamuuliza Ketsia kama mafundi bado hawajamaliza au hicho ndicho kilicholetwa kutazamwa, Ketsia akamjibu kwa Kiingereza kwamba hata yeye hajui. Mbele ya kata, marehemu aliombwa aseme neno. Akasema kitenge hicho ni mbeleko, kwamba mtoto alimzika kwa kilemba chake mwenyewe, maana mbeleko ilimshinda kuiacha, na kwa kuwa mgongo ulikuwa mtupu wenzake walimtwika mzigo, akaisokota iwe kata, na hajaifungua tangu siku hiyo. Gratien aliyasikia hayo kwa mara ya kwanza, katikati ya wageni. Kwa nini ayaseme kule, na si Granville, mpaka leo hajui.

Januari 2025 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akafariki hospitalini tarehe 3 Agosti. Gratien aliiomba kata irudi, bila kujua kama kitu kikiingia mle huwa kinatoka, nayo ikaja Alhamisi, katika sanduku kubwa kuliko yenyewe. Akaifungua kwa mikono yake kwenye meza ya jikoni, wala hawezi kusema alitegemea kuona nini, ndani hamkuwa na kitu, ni kitenge tu. Asubuhi hii akina mama wamemfunga marehemu kitenge hicho kama mbeleko inavyofungwa, kitambaa mgongoni, fundo kifuani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, na watu wa makumbusho yale, walioiachia kata.

Pumzika, mama, umefika. Nanyi ndugu, Ketsia mwenyewe anaomba, mtakapopita kumuaga, mkumbuke jambo moja tu, mmwite Mama Fiacre.