Chungu Kimoja cha Mwalimu Shaaban

Ndugu waombolezaji, asalaam aleikum. Mimi Abdulrahim, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea historia yake, nami nitaisoma kwa moyo mwepesi, kwa sababu kaka yangu ameondoka akiwa ametua kilichomlemea miaka mingi.

Marehemu Shaaban bin Kombo alizaliwa Bagamoyo tarehe 4 Machi 1876, akasoma Kurani chuoni, kisha skuli ya serikali Tanga kuanzia 1894 hadi 1897, ambako alizipenda hesabu za herufi, zile zinazoweka herufi mahali pa namba, kuliko chakula. Mwaka 1899 alifika Karagwe, akafungua duka la vitambaa na chumvi hapa Kihanga, na tarehe 12 Agosti 1900 akamwoa Bi Adija wa Kibingo, wakajaliwa watoto wawili, Mwajabu na Saleh.

Alasiri aliwafundisha wafanyabiashara wenzake barazani, kwamba wapagazi mara vitambaa, ukijumlisha wapagazi mara chumvi, unawatoa wapagazi nje, vitambaa na chumvi vinabaki pamoja ndani ya mabano, nao miaka yote wakakataa katakata, maana mwenye duka gani mwenye akili zake hufunga chumvi na kitambaa mzigo mmoja, kitambaa kikaharibika? Jambo hilo lilimuuma sana, akawa anamwambia Bi Adija kwamba atakufa bila kueleweka na mtu hata mmoja.

Kifua kilimshika Januari 1914. Tarehe 20 Mei, wageni waliokuja kumjulia hali walianza ubishi uleule, Mwajabu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akawaamkia shikamoo, akawaambia kwamba wageni mara ndizi, ukijumlisha wageni mara maharagwe, ni wageni mara chungu kimoja chenye ndizi na maharagwe, kwani hapa kwetu nani huvipika mbalimbali? Mzee Muhidini wa Kanoni, mbishi kuliko wote, aliomba mkaa, akaandika ukutani herufi ya wageni nje, za ndizi na maharagwe ndani ya mabano, kisha akaizidisha ya nje kwa kila iliyo ndani, hesabu ikarudi ilivyokuwa. Marehemu alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza, akaomba chakula, akala akashiba.

Alifariki alfajiri ya tarehe 26 Mei, usingizini.

Tunamshukuru tabibu wa Bukoba, majirani waliombeba kwa machela, na wafanyabiashara wenzake, ambao tangu juzi wanafundishana wenyewe barazani kwake.

Lala salama, kaka. Umeeleweka.