Muhogo wa Mama Cuthbert

Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, Bi. Winfrida Mkwanda, ambaye wengi tunamwita Mama Cuthbert, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika tawi la Masasi la shirika letu la misaada. Mzaliwa huyu wa Chidya alianza kwa kujitolea na anaondoka akiwa mratibu wa maafa. Bodaboda wa Chiungutwa wanajua kufunga mguu uliovunjika kwa sababu yeye aliwafundisha, tena kwa ukali.

Lakini swali lililotuwasha miaka yote ni moja: kwa nini hali kwa watu? Kila kijiji tulikopeleka msaada tuliandaliwa ugali. Yeye alishukuru, akajitenga na muhogo wake wa kuchemsha. Wengine tulidhani amefunga. Wapo waliodai anaogopa kurogwa. Faruku, dereva wetu, hakujali sababu. Alikula ugali wa watu wawili, na vifungo vya shati lake ni mashahidi.

Jibu tulilipata Makote miaka sita iliyopita, upepo ulipoezua nyumba nyingi na maturubai yakawa machache. Dada yake, Bi. Regina, aliyeolewa huko, naye hakuwa na paa, na bado alitupikia kuku. Mama Cuthbert alimwamkia shikamoo, akaomba radhi kwamba hatakula, kisha akaanza kugawa kwa wazee na wenye watoto wachanga. Maturubai yaliisha kabla ya kumfikia dada. Bi. Regina akamwambia mbele ya watu asikanyage tena kwake mpaka siku atakayokuja kula.

Garini Mama Cuthbert alilia, wala hakujificha. Ndipo akatueleza: akila nyumba moja, nyumba ya pili haitaamini kwamba turubai lilifuata shida, si kuku.

Kutopendelea ni kanuni iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi yetu, na wengi tunaipita tu. Yeye imemweka mbali na dada yake miaka sita, na hakuilegeza hata siku moja. Inatuuma, na tunajivunia.

Sasa Faruku, ambaye habari za jikoni hazimpiti, anasema Bi. Regina ameshatenga jogoo wa Jumatano, siku ya kwanza ya mdogo wake kuwa huru.

Asante kwa yote, Mama Cuthbert. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya amani. Muhogo tuachie sisi. Wewe nenda kwa dada yako, ukale ushibe.