Fundi Masikio na Amplifaya Iliyojazwa Saruji

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokuja kutusitiri, familia imenituma mimi, binti yake wa kwanza, nisimame mbele yenu nieleze alikotoka marehemu na alikopitia, naye mwenyewe aliagiza yasomwe yote, hata yanayotia kinyaa, kwa sababu historia iliyopakwa rangi, alisema, ni sawa na redio mbovu iliyofutwa vumbi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Masikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili kwenye kota za reli, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi wa injini za treni na mama mshonaji wa sare, na bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba kichanga huyo alilia kila cherehani ilipoishiwa mafuta na kunyamaza ilipotiwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, na mwaka 1964 alichapwa viboko sita mbele ya shule nzima kwa kuziba masikio wakati mwalimu mkuu akihutubia kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma, lakini wiki iliyofuata alikifungua kipaza sauti hicho kwa kisu cha jikoni, akakitengeneza, na kesi ikaishia hapo. Aliingia chuo cha ufundi mwaka 1968, akatoka mwaka 1970 na cheti cha redio cha daraja la kwanza, na tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa katika karakana ya kituo cha utangazaji, alikofanya kazi miaka ishirini na saba, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1998 na kuhamishia meza, vipimo na moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya kwenye chumba chetu cha uani.

Mama yetu, marehemu alimpenda kabla hajamwona, kwani mama alikuwa mpokeaji simu wa posta, marehemu akaomba laini, naye akamjibu kwa sauti iliyomfanya asahau namba aliyokuwa akiitaka, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja.

Hatutaficha kwamba baba yetu alikuwa mtu wa kinyaa, aliyeweza kuacha chakula mezani kwa sababu spika ya jirani inapasua, na kinyaa chake kikubwa kuliko vyote kilikuwa kwa amplifaya za swichi, zile ambazo badala ya kupitisha umeme mfululizo huuwasha na kuuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, hazipati moto sana, na mtu huzibeba kwa mkono mmoja kama kopo la biskuti. Kwake amplifaya ilikuwa chuma, transfoma kubwa kama kichwa cha mbuzi na joto la kukaushia soksi, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katika chama cha wasikilizaji kumi na mmoja waliokutana sebuleni kwa daktari wa meno mstaafu, alirudia neno lile lile, "Hizo nyepesi ni za kutangazia sabuni mtaani, msiniletee muziki humo," nao walimwamini kama mgonjwa anavyomwamini tabibu.

Tarehe 31 Machi 2012 mwenye duka la vyombo vya muziki, aliyeitwa Bosi Vioo kwa sababu duka lake lilizungukwa na vioo, alileta pale amplifaya mpya iliyobebwa na wanaume wawili huku wakihema, na marehemu, baada ya kujaribu kuinyanyua na kutikisa kichwa kwa heshima, alifumba macho, akasikiliza fidla, kinanda na pumzi ya mwimbaji kabla ya neno la kwanza, akatokwa na machozi mbele za watu, kisha akatamka, "Hiki ndicho chuma, na swichi haitafika hapa hata ipewe miaka mia." Bosi Vioo alimwomba ayaandike maneno hayo, akayaandika na kuweka sahihi, karatasi ikabandikwa kwenye kioo cha duka, na wanachama saba wakauza mashine zao za zamani, nyingine zilizotengenezwa na mikono ya marehemu mwenyewe, wakanunua za aina hiyo.

Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo mwalimu wa hesabu, mmoja wa wale saba, alimletea yake akisema kuna kitu kinagonga ndani, marehemu akafungua skrubu sita, akainua mfuniko, na badala ya transfoma akakuta bodi ya swichi isiyozidi ukubwa wa daftari, na kando yake bonge la saruji lililofungwa kitambaa cheusi na kubandikwa kwa gundi ya manjano, limepasuka katikati, na ndani ya ufa mende watatu waliokauka. Alitoka nje akatapika penye bomba la uani, na mama yetu alipomuuliza, "Umekula nini, mume wangu?" alimjibu, "Bado, mke wangu, ila itabidi niyale matapishi yangu mbele ya watu."

Kwa wiki mbili na ushee hakugusa kazi, alinawa mikono mara kwa mara kama aliyeshika mzoga, na kilichomtesa hasa, kama alivyomweleza mama, si saruji, bali kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli, naye mama akamwambia maneno ambayo aliyashika hadi mwisho, "Masikio yako hayakukosea, kilichokudanganya ni mabega yako."

Tarehe 27 Oktoba alilibeba lile bonge hadi sebuleni kwa daktari wa meno, akaliweka juu ya meza ya kioo, vumbi likamwagika kwenye zulia, na Bosi Vioo, badala ya kuona haya, alicheka akasema, "Mzee, sauti si uliisifu mwenyewe? Wateja wanataka uzito, nami nimewapa uzito." Marehemu alimjibu, "Sauti niliisifu na leo naisifu tena, bodi haina kosa, mchafu ni wewe, na mjinga ni mimi niliyewafundisha watu kusikiliza kwa mizani." Kisha aliomba ile bodi tupu na amplifaya yake ya chuma ziwekwe nyuma ya pazia, sauti zao zipimwe zilingane, zibadilishwe mara ishirini bila mtu kuambiwa ipi ni ipi, na yeye mwenyewe alipatia mara tisa tu, na hakuna aliyemshinda isipokuwa mwalimu wa hesabu, aliyepatia kumi na moja na kukiri kwamba alikuwa anabahatisha.

Tungependa kuwaambia kwamba chama kilimshukuru, lakini daktari wa meno alisema, "Ondoa hiyo takataka, fundi, unatuharibia jioni," na sita kati ya wale saba wakarudi nyumbani kuendelea kufuta vumbi kwenye saruji yao, kwa kuwa kumtimua aliyewaambia kulikuwa rahisi kuliko kukubali kwamba wameliwa. Marehemu hakurudi tena pale, na aliporudi nyumbani alitema mate mlangoni, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya.

Tangu Januari 2013 alijifunza upya kazi yake akiwa na miaka sitini na mmoja, akazikataa bodi nyingi za bei rahisi ambazo kweli zilikwaruza sauti za juu, akachagua nzuri, akazipa umeme safi, akaziweka katika makasha mepesi ya plastiki angavu ili kila anayenunua aone kilichomo, na alitengeneza sitini na tatu. Fundi wa vinanda asiyeona, aliyenunua ya kwanza, aliisikiliza kabla muziki haujaanza, akasema, "Hii inajua kunyamaza," na baba alitembea na sentensi hiyo mwezi mzima.

Mwezi Februari 2021 alianza kukohoa, akagundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, akalazwa mara nne katika hospitali ya rufaa, ambako alilalamikia taa inayovuma kuliko maumivu yake, na Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yetu, alikata roho akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Inatupasa pia kutamka, na tunatamka kwa kichefuchefu, kwamba siku mbili baada ya kifo hicho Bosi Vioo alitoa amplifaya nzito aliyoipa jina la marehemu, na picha yake juu ya boksi, hivyo ijulikane kwenu nyote kwamba baba yetu hakuigusa, hakuisikiliza, na angeitapikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, hasa aliyebadilisha ile taa, majirani waliopika na kukesha nasi, wenzake wa kituo cha utangazaji, na mwalimu wa hesabu, aliyefika kila alasiri kumsomea gazeti.

Baba, tumeyasema yote kama ulivyoagiza. Pumzika sasa, amani iwe nawe.