Muuguzi Mfupi Chini ya Goli

Muuguzi mmoja mfupi alipanda basi amekumbatia mpira wa kikapu, akajibana dirishani, kando ya kinyozi mnene aliyejitandaza kwenye kiti cha watu wawili kana kwamba kakirithi. “Dada, na kimo hicho unacheza wapi?” kinyozi akauliza. “Chini ya goli, kaka. Ndiyo kwanza najifunza.”

“Hapo ni pa majitu. Utakanyagwa!”

“Nimekanyagwa mwezi mzima, na leo narudi tena,” muuguzi akajibu. “Anayenikaba nampa mgongo, nasikilizia anaegemea wapi. Namzuga kwa bega la kulia, halafu nageukia kushoto.”

Alieleza kwa vitendo, nyonga ikifanya kazi polepole. Mimi niliyekaa nyuma yao niliona goti la kinyozi likitoka nje ya kiti, kisha paja, kisha nusu ya mwenyewe. Mdomo tu ndio haukumpisha. “Urefu haufundishwi, dada!”

“Kwani nani kaomba urefu? Mimi nataka nafasi.”

Basi likafunga breki kituoni. Kinyozi akajikuta amesimama wima, kiti chote kikiwa cha muuguzi. “Bado nasema wewe ni mfupi,” akasema, akitafuta pa kushika.